Komeo

Haianzi kwa kubweka. Hilo nimelijua kwa nyuzi saba
nilizoshonwa usiku pale zahanati,
mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada.
Huanza kwa kimya: Bosi kasimama mlangoni,
mkia umekakamaa kama mwiko uliosahauliwa kwenye ugali,
na Kijiko, aliyekuwa akijikuna, ameacha kujikuna.
Jicho linatua juu ya jicho.
Ukihesabu moja, umechelewa.

Bosi alikuja na dada yangu Nzilani
mwaka alioikimbia nyumba ya Embakasi
na masanduku mawili, na televisheni ndani ya blanketi.
Kijiko ni wangu. Nilimwokota sokoni Githurai
amebana kijiko cha mtu mdomoni,
hakiachilii hata kwa kipande cha mutura.
Tukasema: ua ni mmoja, geti ni moja, watazoeana.
Tulikuwa tumesema hivyo hivyo juu yetu wenyewe.

Kwanza waligombania sufuria.
Tukanunua ya pili.
Kisha kivuli cha tangi la maji.
Kisha mlio wa ufunguo wa Nzilani, saa moja na nusu jioni,
nani amlaki, nani aurambe mkono unaonuka dawa za wodi,
na hapo ndipo nilipoingiza wangu, mimi mjinga,
nikidhani meno yatanitambua.

Usishike ukosi. Usipige mayowe, mayowe ni mafuta ya taa.
Ndoo ya maji, blanketi kuukuu, kipande cha ubao
kipenyezwe kati yao kama barua chini ya mlango.
Aliyasema hayo Daktari Kerubo wa mifugo
akiwa amepiga magoti varandani, anamshona Kijiko sikio,
na bila kuinua macho akauliza:
"Na nyinyi wawili? Mnakula meza moja?"
Nzilani akacheka. Mimi sikucheka.
Ilikuwa wiki ya tatu hatusemezani
kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama.

Sasa jikoni kuna ratiba, imebandikwa kwa plasta ya kidonda.
Asubuhi Bosi uani, Kijiko ndani.
Saa sita wanapokezana, kama mabawabu.
Jumamosi tunawatembeza hadi kwenye reli,
mimi upande huu wa barabara, yeye upande ule,
mbwa wanatazama mbele,
na kila wiki tunaipunguza barabara kwa hatua moja.
Kuna wiki tunarudi nyuma hatua tatu.

Majirani hutupa ushauri juu ya ukuta.
Mzee Gichuru: "Waacheni wapigane, mkubwa ajulikane."
Nikamwonyesha mkono wangu.
Mama Lavenda: "Uzeni mmoja."
"Yupi?"
Swali likabaki pale juu, kwenye vigae vya chupa.

Jana stima zilipotea. Nzilani akaingia gizani
na nikasikia mkia ukigonga mlango huu,
mkia ukigonga mlango ule.
Hakumwita yeyote. Aliketi sakafuni ukumbini,
bado ndani ya sare yake,
akapenyeza vidole vya kushoto chini ya mlango wa Bosi,
vya kulia chini ya wa Kijiko,
akakaa hivyo mpaka mikia ikachoka.
"Syombua," akasema, "cherehani ikae sebuleni.
Siku zako, siku zangu."
Nikasema sawa.
Hakuna kati yetu ajuaye kushona.

Sisemi wamependana.
Aliyesema mafahali wawili hawakai zizi moja
labda hakuwa na fundi wa mbao.
Amani yetu ni ya plaiwudi. Ina bawaba mbili na komeo,
na kila Jumapili nalipaka komeo mafuta ya kupikia
lisilie mtu akilifunga.